Mkono Uliobaki

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na naamini u mzima, maana mtu mwenye maneno mengi hivyo hawezi kuwa mgonjwa. Mimi nipo. Ulimi bado mzito, ndiyo maana simu zako sipokei. Nikiongea nasikika kama mlevi, nawe utaanza kunihurumia. Mkono wa kulia umelala palepale kiharusi kilipouacha. Barua hii nimeiandika kwa kushoto, kwa hiyo mahali popote utakaposhindwa kusoma, jua hapo nimekutukana.

Kifurushi chako kimefika. Nilidhani ni dawa ya kuchua. Kumbe ni kitabu chako cha semina, na picha yako juu ya jalada umekunja mikono na kutabasamu kama mtu aliyetoka kuuza kiwanja cha mwenzake. Nimekisoma, kwa sababu sina kazi. "Usiseme siwezi, sema bado." "Akili hukua kama msuli." "Kikwazo ni mwalimu." Haya, huyu mwalimu wangu amenipiga upande mzima wa mwili. Nimpelekee maua?

Wewe umekulia ndani ya karakana hii, kwa hiyo sina haja ya kukueleza. Kushona suti anashona yeyote mwenye cherehani na macho. Kukata ndiyo kazi, na mimi nimekata tangu Baba aniachie ile meza. Sasa nimejaribu kwa kushoto. Kitambaa kinatoka kimetafunwa, utadhani kimepita mdomoni mwa mbuzi. Jana fundi wa jirani, yule Bwana Vifungo, alikuja kuulizia meza ya kukatia. Aliipapasa kwa kiganja kana kwamba meza ni mjane. Nimemwambia mwisho wa Mei nitampa jibu, na jibu lenyewe nalijua.

Usinitumie kitabu tena. Tuma dawa ya kuchua.

Dada yako


Tarehe 20 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo kabisa, kazi zinakwenda vizuri, na natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu na moyo mpya. Dawa ya kuchua nimeituma na barua hii.

Dada, nimekusoma na nimeumia. Si mkono ulioanguka, ni mtazamo wako. Umeshajiambia huwezi, basi mwili unatii. Meza unaiuza kichwani kabla Bwana Vifungo hajaleta mkokoteni. Ni suala la juhudi tu. Jaribu, jaribu tena, kisha jaribu mara nyingine. Juzi nilikutaja ukumbini mbele ya mameneja wa benki, nikawaambia habari za dada yangu anayejifunza upya kukata kwa mkono wa kushoto. Walisimama kukupigia makofi. Wengine walifuta machozi.

Usiwaangushe.

Mdogo wako


Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipokea, shikamoo yako nimeirudisha dukani. Dawa inanuka lakini inafaa.

Kwa hiyo nimekuwa mfano. Mameneja wa benki wananililia, watu ambao hawajawahi kuvua koti wakajiuliza nani alikata bega lake. Na wewe unalipwa kwa kiharusi changu. Sikujua kama nina biashara mbili.

Juhudi unanifundisha mimi? Kila asubuhi nafungua karakana, natandika kitambaa, napiga chaki, nakata. Nimemaliza vitambaa chakavu vyote, nikaingia kwenye mapazia, sasa mtaa mzima unaniona nikivaa. Kidole gumba kimetoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Mstari wa chaki umenyooka, mkono unaufuata vizuri, lakini kitambaa kinajikunja katikati ya mkasi na kutafunwa vilevile. Punda wa kinu naye anajaribu tena na tena kila siku, na sijasikia amekuwa profesa.

Kama una neno la maana, niambie nibadilishe nini. Kama huna, kaa na mameneja wako.

Dada yako


Tarehe 28 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Safari hii nauliza kweli.

Mwezi na zaidi hakuna barua. Mwanzoni nilifurahia utulivu. Halafu nikaona si kawaida yako kuacha kuzungumza, hata ukiwa umelala unazungumza. Nikamwomba binti wa duka la simu apige ofisini kwenu, maana mimi na ulimi huu wangenidhania nimekunywa. Wamemwambia umeondolewa kazini tangu Machi na hawajui ulipo.

Ehe. Kikwazo ni mwalimu, na wewe umetoroka shule. Kitabu chako ninacho hapa, ukurasa wa kwanza unasema anayeanguka na ainuke akitabasamu. Nikutumie? Kimekaa vizuri chini ya mguu wa cherehani, lakini naweza kukichomoa.

Uko wapi? Unakula? Jibu, mjinga wewe.

Dada yako


Tarehe 11 Mei

Dada,

Shikamoo. Nakula.

Ni kweli waliniondoa. Walimleta kijana mwenye tabasamu pana kuliko langu. Nilirudi chumbani, nikafunga pazia, nikalala na viatu. Kitabu changu nilikifungua siku moja nikaona aibu, kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe kwenye kinasa sauti. Yote niliyowaambia watu waliopatwa na msiba, hakuna hata sentensi moja iliyonitoa kitandani. Kodi ndiyo iliyonitoa. Sasa nafanya kazi kwenye ghala la vifaa vya mafundi, nafungua maboksi na kupanga rafu.

Lakini sikuandika ili unicheke tu. Unakumbuka koti la mwalimu mkuu? Nilikuwa mtoto, nikakuomba unifundishe kukata. Mimi ni wa mkono wa kushoto tangu kuzaliwa, unajua. Kitambaa cha koti hilo kilitafunwa. Ulininyang'anya mkasi mbele ya wateja, ukasema mkono huu ni wa kushikia sahani tu. Walicheka wote. Sikugusa mkasi tena, nikaenda kutafuta kazi ya mdomo. Sasa uliponiandikia habari za mdomo wa mbuzi, nilifurahi, Dada. Niliisoma tena na tena kwa raha. Ndivyo nilivyo.

Wiki iliyopita nilifungua boksi la mikasi ya kushonea. Nikashika mmoja, ukakaa mkononi vizuri mno. Nikautazama: chuma cha juu kiko upande wa pili, umetengenezwa kinyume, kwa ajili ya mkono wa kushoto. Nikakata karatasi ya boksi, nikakata gunia, nikakata shati langu nikiwa nimelivaa. Mstari ulinyooka. Nilikaa chini sakafuni mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Mkasi wa kawaida ukiukamata kwa kushoto, vidole vinasukuma vile vyuma viachane, na kitambaa kinaingia katikati. Haukuwa mkono wangu. Si mkono wako. Tulikuwa tunajaribu tena na tena na mkasi wa watu wengine, mimi kwa siku moja na wewe kwa miezi. Na mimi, bingwa wa juhudi, nilikuwa nakuambia ongeza juhudi.

Nimekuwekea mmoja humu. Na kitu kingine: barua yako ya Februari nilisoma nusu, nyingine nikakisia. Ya Aprili nimesoma kila tusi. Mkono huo umejifunza bila kukuomba ruhusa.

Mwisho wa Mei unakaribia. Fanya upendavyo na meza.

Mdogo wako


Tarehe 30 Juni

Mdogo wangu,

Sijambo, na ulimi umelegea kidogo. Juzi nimemfukuza mteja na akaelewa.

Mkasi ulifika. Niliuacha ndani ya boksi kwa kiburi, sikutaka uwe umesema kweli. Nilipoutoa, siku ya kwanza nilikata ovyo, maana hata mkasi sahihi hauna akili ya kumpa mtu. Siku zilizofuata nikaacha kukata suti nzima, nikakata mifuko. Mifuko mitupu, kama mwanafunzi. Kisha kola. Kisha mikono ya koti. Malengelenge yamehamia kidole kingine, nadhani hayo ndiyo maendeleo.

Bwana Vifungo alikuja siku aliyoahidiwa, na mkokoteni na wabebaji. Alinikuta juu ya kitambaa cha bwana harusi, chaki sikioni. Nikampa ncha ya tepu aishike, akaishika kabla hajajijua. Akasimama hapo, ananitazama nikikata kutoka begani mpaka pindoni. Mwisho akauliza, "Sasa dada, meza unauza au huuzi?" Nikamwambia, "Bado." Hatimaye nimelipatia neno lako kazi.

Suti si nzuri. Bega moja limepanda, bwana harusi itabidi apigwe picha upande. Ya pili itakuwa na ubaya mwingine.

Kuhusu koti la mwalimu mkuu, najua neno unalolisubiri. Mkono wangu unaandika mengi siku hizi, lile haujalifikia.

Ghala si kazi ya mtoto wa fundi, na kupanga rafu huwezi, nakujua, utazipanga kwa kuzihutubia. Meza ina pande mbili. Njoo na mkasi mwingine wa namna hiyo, huu wangu siuazimi. Utaharibu vitambaa, utaviharibu sana, na mimi nitacheka mpaka majirani watoke nje kuuliza kuna nini. Lakini mkasi sitakunyang'anya.

Dada yako