Mti wa Mama Bado Umesimama Sebuleni

Jumamosi, Machi 11

Machi hii, na mti wa Krismasi bado umesimama sebuleni! Majani yamekauka, yana rangi ya kutu. Ukipita karibu yanapukutika mpaka ndani ya kikombe cha kahawa. Nikishika ufagio, Baba ananitazama tu. Nauweka. Nina miaka hamsini na mbili na naogopa kufagia.

Mama aliupamba mwenyewe, siku chache kabla ya moyo wake kusimama. Akaufunga kwenye komeo la dirisha kwa mshipi wa kuvulia, maana paka alishauangusha mwaka juzi. Fundo lake lile lile la ndoana. Ndoana zote za nyumba hii alifunga yeye. Baba hajawahi kufunga hata moja – vidole vyangu vinene, anasema. Visingizio!

Mwaka mwingine wowote mti ungekuwa ziwani tangu Januari, maji ya ziwa yakiwa yameshushwa kwa majira ya baridi. Baba huufunga tofali la saruji, anauzamisha mbele ya gati, na majira ya kuchipua samaki wa krapi wanakuja kukaa kwenye matawi. Kila gati kwenye ghuba hii lina miti yake chini. Letu safari hii halina kitu. Matawi ya zamani yameoza.

Baba hajashuka gatini tangu mazishi.

Jumanne, Machi 21

Kaka yangu Royce kapiga simu kutoka Houston. Baba anakula nini? Nikadanganya – maharage, mkate wa mahindi. Ukweli ni kahawa, na biskuti moja aliyomegea paka nusu. Wanawake wa kanisani wameacha kuleta vyakula. Nadhani wamechoka kurudishiwa bakuli zikiwa bado zimejaa.

Royce anasema anakuja Pasaka, na kama mzee bado yuko hivi, anaondoka naye. Chumba kipo, kina kiyoyozi. Baba Houston! Atakaa dirishani atazame maegesho ya magari mpaka afe.

Baba alisikia yote kutoka kwenye kiti chake. Mwambie aje na koti, akasema, huku bado baridi. Basi. Ndiyo maneno yake ya leo.

Na mimi sijui nimwambie nini Royce. Labda kweli nimeshindwa.

Jumapili, Machi 26

Verlin Yancey, jirani wa gati la pili, kaja baada ya ibada na pai ya mke wake. Kavua kofia, kautazama mti.

"Harlan, huo unangoja Krismasi ijayo, au unataka kuuoa?"

Baba akamegea paka ukoko wa pai.

"Krapi wameanza kusogea, nakwambia. Madume yameshakuwa meusi ya msimu wa kutaga! Wanapita kwangu wanaulizia gati lako. Nawaambia mwenyewe kawa bibi kizee."

Zamani Baba angemjibu neno nisiloweza kuliandika Jumapili. Leo kasema, "Wasalimie."

Verlin akavaa kofia yake. Nilipomsindikiza nje sauti yake ilikuwa nyingine. "Nedra, binti yangu, utoe ule mti. Anakaa matanga mbele yake kila siku. Alhamisi nitamchukua mjini tukanywe kahawa. Wewe fanya kazi yako."

Alhamisi, Machi 30

Nimefanya.

Walipoondoka tu nikaanza. Mapambo yote nikayafunga kwenye magazeti, moja moja, nikayatia sandukuni. Nililia kwenye yale ya unga tuliyotengeneza tukiwa wadogo. Halafu nikafika kwenye mshipi.

Fundo halikufunguka. Nilijaribu kwa kucha, kwa uma, kwa meno. Mafundo ya Mama hayafunguki, ndiyo sifa yake. Pikapu ya Verlin ingeweza kurudi wakati wowote. Nikachukua kisu cha samaki – nikakata. Fundo likabaki kwenye shina.

Tofali, kamba, toroli hadi gatini. Nikausukuma. Uliinama kidogo, kisha ukashuka. Na mimi nikajisifu! Nilisimama pale nikasema, sasa samaki watakuja, na Baba atakuja.

Alirudi. Akasimama mlangoni na kofia mkononi. Akatazama pembe tupu. Akaenda dirishani, akapapasa komeo.

"Ulifungua?"

"Nilikata, Baba."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Mti nilijua utaondoka, Nedra. Lakini fundo... Ndoana alizofunga zilikwisha tangu Novemba. Lile ndilo lilikuwa limebaki."

Akaingia chumbani.

Jumatano, Aprili 5

Hatusemezani. Nikiingia jikoni, anatoka.

Miti ya dogwudi imechanua maua, ng'ambo yote ya ghuba ni nyeupe. Hiyo ndiyo wiki ya krapi. Magati yote yana watu. Letu lina bata.

Nimelifikiria sana. Nimelelewa juu ya zile mbao za gati. Mtu yeyote wa ziwa hili akiona mti wa Krismasi mkavu, anaona nyumba ya samaki. Sikuona kingine! Yeye alikuwa anamwona mke wake.

Royce katuma ujumbe. Ataanza safari Ijumaa Kuu.

Jumatatu, Aprili 10

Nimemkuta mezani jikoni. Miwani ya Mama puani – ile ya waridi! Mshipi, na ndoana moja. Anafunga. Inateleza. Anatukana. Anaanza tena.

Nikajifanya naosha sufuria.

Mwishowe, bila kugeuka: "Alikuwa anazungusha, halafu?"

Maneno ya kwanza tangu Alhamisi ile. Nikamjibu polepole, kama mtu anayeogopa kufukuza ndege. "Anazungusha, anapitisha kwenye kitundu, halafu anatia mate kabla hajavuta."

"Mate."

"Ndiyo, Baba."

"Miaka yote ile nakata mshipi kwa meno, natia mdomoni mate ya mwanamke yule, sijui." Akatema kwenye fundo, akavuta. Likashika. Baya hilo! Limevimba kama goti. Akalitazama muda mrefu.

Kala yai. Lote.

Jumamosi, Aprili 15

Naandika gatini, nimekaa juu ya ndoo. Baba yuko hapa! Kashuka mwenyewe, baada ya chakula cha mchana, bila kuniambia. Nilimfuata na koti lake na begi langu tu.

Verlin kaleta vidagaa vya chambo. Hakutania hata kidogo, kaviweka akarudi kwenye gati lake. Kutoka huko ndipo alipopata ujasiri: "Hee, bibi kizee kafufuka!" Na Baba akamjibu lile neno. Nikafurahi kama mtoto.

Samaki wa kwanza – dume, jeusi tii. Baba alimwinua taratibu kabisa, maana midomo yao ni karatasi, ukinyanyua kwa pupa inachanika. Kamrudisha majini. Analinda mayai, akasema. Mwache akakae na watu wake.

Kisha akatupa tena, karibu zaidi, palepale. Ikakwama.

Ni mti wa Mama. Nilijua, naye alijua. Fimbo imepinda, mshipi umenyooka kwenda chini, hakuna kinachotikisika. Kila mtu hapa hufanya jambo moja ikitokea hivyo. Verlin akapiga kelele, "Kata, Harlan! Umevua tawi!" Na mkono wangu – mpumbavu mimi – ulishakwenda kwenye kisu kilichokuwa begini.

"Weka kisu, Nedra."

Nikakiweka. Nikaanza kusema, Baba, nisamehe. Akatikisa kichwa. Hakutaka nimalize.

"Fundo langu limeshika," akasema. Machozi yanamshuka, hayafuti, mikono yote miwili iko kwenye fimbo. "Angalia. Limeshika."

Muda umepita sasa. Verlin kavuta mshipi wake, kakaa tu. Upepo umekuwa baridi. Baba havuti wala haachii. Amesogea ukingoni mno, kwa hiyo nimemshika mkanda wa suruali kwa mkono wa kushoto, na naandika kwa wa kulia, daftari gotini. Sijui nifanye nini kingine. Nikimwambia tuingie ndani, hatasikia. Na sitaki kumwambia.

Mlango wa gari umebamizwa huko juu. Royce. Anaita – Baba! Nedra! Mko wapi? Sijaitika.

Anashuka. Viatu vyake vya mjini kwenye mbao. Amesimama nyuma yetu, anahema, anauliza Baba anavuta nini.

Baba hajageuka.

"Sivuti. Nimemshika mama yako. Na usikanyage hivyo, utatisha samaki."