Kompyuta Moja, Majiko Mawili

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimeua kwaya! Asubuhi nilisasisha kifurushi cha sauti kwenye kompyuta pekee ya kituo cha wakulima hapa Kwihara. Programu yangu ya kusikiliza mizinga ya nyuki ilitaka toleo jipya. Saa nane akaja Mzee Ngassa, mwalimu wa kwaya ya Wamoravian, akafungua yake — ile inayoimba sauti nne ili wanakwaya wajifunzie. Besi wakatoka kama bata!
Akauliza, Consolatha, nani kagusa hapa? Nikasema, nyuki.

Jumanne, 4 Machi
Mzee karudisha toleo la zamani. Yangu haifunguki. Na Ijumaa wafuga nyuki wa Usoke wanakuja kuiona! Wasipoiamini, miezi minane ya kuumwa usoni imekwenda bure. Yeye naye kwaya yake inaimba Urambo Jumapili. Kufika mchana tumebadilishiana toleo mara tatu. Shikamoo yangu kaiitikia akitazama ukuta.

Jumatano, 5 Machi
Dawa ipo! Mazingira tengefu — kila programu na sehemu yake, vifurushi vyake, haziingiliani. Nikamweleza Mzee: ni kama wake wenza, kila mmoja na jiko lake. Akasimama. Akasema yeye ni Mmoravian, ana mke mmoja, na huyo mmoja tu kamshinda.
Nikaomba radhi. Nikamfungulia jiko lake. Besi wamerudi kuwa watu.

Alhamisi, 6 Machi
Mzee kanogewa. Kafungua jiko la soprano, la tenori, la besi, la mazoezi ya asubuhi. Nimemkuta akimfundisha Bertila, katibu wetu, kufungua lake la kuandikia barua. Barua haihitaji jiko! Bertila kasema na yeye ni mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Diski imejaa! Programu yangu haiwezi kuhifadhi hata mlio mmoja, na wageni wako kwa Bertila wanakunywa chai. Nikaanza kufuta. La Bertila, kwaheri. Bado haitoshi. Ukiacha yale ya kwaya, likabaki moja kubwa: "levina".
Mama Levina ni mke wa Mzee, aliongoza alto. Krismasi Mzee alimwambia mbele ya watu kwamba anaburuza wimbo. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwaya.
Nikafungua kabla ya kufuta. Ni yeye! Rekodi za miaka na miaka, na katikati sauti ya Mzee: rudia hapo, mama, hapo ni pazuri. Zinacheza kwenye toleo la zamani tu. Kumbe!
Mlango ukafunguka. Mama Levina mwenyewe, kamletea Mzee miwani aliyoisahau. Mzee yuko nyuma yake.
— Nani huyo anaimba? Mama akauliza.
Mzee akatazama dari. Mimi nikahangaika kuzima — nikapandisha sauti!
Nimetoka. Naandika hapa barazani. Sijafuta. Wageni wamemaliza chai, Bertila ananionyesha saa kwa kidole. Siwezi kuingia. Humo ndani sasa zimekuwa alto mbili, na ya pili inaburuza wimbo.