Hakuna Aliyemuuliza Jike

Kimulot, 3 Machi 2024

Mpenzi Seth,

Natumai uko salama huko Sigor na mdomo umepona. Sisi tu wazima, ila mvua imezidi na majani chai yanatushinda kuchuma. Simu yako haipatikani tangu uondoke, kwa hivyo barua nimempa Atuti mwenye gari, maana anapeleka viazi huko.

Siku hizi sichumi. Kuna msichana wa chuo kikuu, Christabel, anayepima nguvu za kuuma za vinyonga. Wenzangu wanawaogopa, mimi ndiye ninayewakamata. Tunamwekea kila mmoja vipande viwili vya chuma mdomoni, anauma, mashine inasoma. Dume humshinda jike hata wakilingana urefu, kwa sababu kichwa chake ni kipana. Christabel anasema ni kwa ajili ya kupigania majike. Nikakumbuka wewe na Mokaya mkipigana mbele ya mizani ya majani chai, watu wameacha vikapu wakitazama.

Nimekukosa sana. Rudi.

Lenah wako

Sigor, 20 Machi

Dada Lenah,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, nimepata kazi ya kusaga mahindi kwenye posho mili. Mokaya alinipiga mbele ya watu, na mwanaume akishindwa huondoka. Nasikia wajomba zake wamekuja kwenu kukuposa. Nawatakia heri.

Ndugu yako, Seth

Kimulot, 2 Aprili

Seth,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nimekasirika. Usiniite dada. Nina kaka wanne kule Nyamira na wananitosha.

Jana tuliweka madume wawili kwenye tawi moja. Wakaumana. Aliyeshindwa akawa mweusi, akajiangusha chini. Mshindi akamwendea jike tuliyemweka karibu, akitikisa kichwa, jike naye akawa mweusi, akaachama, akamng'ata mguu. Christabel alisema nguvu za jike ni kidogo, lakini nilimwona yule mshindi akirudi nyuma.

Wajomba wa Mokaya walikuja kweli. Baba akaniita, nikawaambia simtaki. Wakamaliza chai yao wakaenda. Mlitoana damu kwa ajili yangu, Seth, na kati yenu hakuna aliyeniuliza mimi namtaka nani.

Lenah

Sigor, 11 Julai

Lenah,

Habari za siku nyingi? Mwili ni mzima. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika mahali pa kukunja. Niliona haya kukujibu. Kila jioni nikishazima mashine nakaa juu ya magunia nikikuwaza, na unga umenijaa mpaka kwenye nyusi. Mara mbili nimepanda gari la Atuti nikashuka kabla halijaondoka.

Mokaya bado ana nguvu kuliko mimi, hilo halijabadilika. Basi nauliza, na ukisema hapana sitakusumbua tena. Unanitaka?

Seth

Kimulot, 14 Julai

Seth,

Leo sikuulizi hali, Atuti ananipigia honi.

Nakutaka. Ungeniuliza siku ile ile, ukiwa bado umelala kwenye matope, ningekujibu hivyo hivyo.

Lenah