Mwanangu Rashidi, Mashine Yako Imepoa

Mwanangu Rashidi,

Salamu za hapa nyumbani nakutajia mmoja mmoja, maana ukiwa hai ulikuwa hutaki kuambiwa "wote wanakusalimu", unauliza wote ndiyo nani. Bibi yako anakusalimu. Macho yamezidi kufifia lakini ulimi uko pale pale, juzi kamwambia mtu anayepita njiani kwamba miguu yake inasikika kama ya mtu asiyelima. Mdogo wako Zuhura anakusalimu, ndiye anayenichongea penseli hii. Mjomba wako Saidi anakusalimu, na habari zake nitakueleza mbele, usikasirike kwanza. Mama Agnesi wa jirani anakusalimu, siku tatu za msiba alipika hapa hapa, hata Jumapili hakwenda kanisani kwake. Fundi Issa wa Masasi, yule wa radieta, anakusalimu. Na paka wako, kama paka naye husalimu, anakusalimu. Mimi mama yako nipo. Nakula, nalala. Usinihofie.

Jambo lenyewe nalitanguliza ili usingoje. Kompyuta yako inafanya kazi. Zuhura anaiwasha asubuhi akifungua kibanda chako cha kuchapia, na inakaa imewaka mpaka anafunga, haijizimi. Haijauzwa wala haitauzwa. Sasa tulia nikusimulie, maana tumefika hapo kwa kuzunguka sana, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Siku ya tatu, watu wakiwa bado mkekani, mjomba wako alisema mashine iuzwe. Sikumchukia. Unajua kwetu, mali ya kijana asiyeoa inarudi kwa ukoo wa mama, na msemaji wa ukoo ni kaka yangu. Kuna mnunuzi wa korosho wa Masasi alikuwa anaitaka. Kaka akasema chombo kinachojizima katikati ya barua ya mtu ni aibu, si kazi, na Zuhura aje shambani. Mimi nikamwomba kitu kimoja tu, angoje arobaini. Ikifika arobaini bado inajizima, aichukue, sitafungua mdomo. Zuhura alisikia akiwa mlangoni na sinia la chai. Sinia lile liligonga mlango mara mbili.

Wewe mwenyewe ulinieleza kwa nini inajizima, ukiwa umekaa kizingitini unakula muhogo. Ulisema ndani ya lile boksi kuna ubongo, ukifikiri sana unapata joto, na feni inaupuliza. Lakini msimu wa salfa ukifika, watu wakianza kupulizia mikorosho, vumbi lile la njano linaingia kila mahali mpaka kwenye chumvi. Feni inalivuta, inaziba, ubongo unachemka, mashine inalala. Ndipo ukaja na maneno ya maji. Ukasema gari linapoza injini kwa maji, kwa nini si kompyuta? Ukaleta radieta ndogo ya hita ya gari bovu, na kipande cha shaba alichokichonga Fundi Issa cha kukaa juu ya ubongo, na mipira inayoonyesha ndani, na ile pampu ya tangi la samaki uliyoagiza Dar es Salaam. Mimi nikacheka, nikasema tangu soko huria lije hakuna kisichopatikana, hata pampu ya samaki kwa watu wa Newala wasio na maji.

Mjomba wako naye akasema umeme na maji ni wake wenza, huwezi kuwalaza chumba kimoja. Unakumbuka ulivyomjibu? "Mjomba, hawa nyumba moja, ila kila mmoja na mlango wake." Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Nami nilipokuwa nahangaika, nauliza na ikivuja je, na ikikuunguza je, ukaniambia, "Mama, usiogope, ni maji tu."

Ukaugua kabla hujayatia.

Basi Zuhura akachukua daftari lako, lile lenye mchoro na mishale. Maji yatoke kwenye kidumu, yaingie pampu, yapande kwenye shaba yachukue joto, yatoke kwa tundu la ukuta mpaka radieta iliyoning'inia nje chini ya upenu, yapoe, yarudi kwenye kidumu. Pembeni uliandika yawe maji ya betri, si ya kisima cha mvua, kwa kuwa ya kisima yataota ukoko. Fundi Issa akatuletea chupa mbili kutoka Masasi. Akatukumbusha na ule utaratibu wako kwamba pampu izunguke peke yake kwanza, kutwa nzima, kompyuta ikiwa imezimwa na karatasi kavu zimetandikwa chini, tuone pa kuvuja.

Ilivuja. Tone moja moja, kwenye kiungo cha shaba. Zuhura akafunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, ikaendelea kudondosha. Fundi Issa akaondoa ukanda, akatia klipu ya chuma na kukaza. Karatasi zikabaki kavu. Nikapiga vigelegele mapema, mwanangu.

Zuhura akaiwasha. Pampu inanguruma, mashine inaandika, sote tumekodoa macho. Muda wa kusonga ugali haujaisha, ikajizima.

Tukagusa. Shaba inachoma. Radieta huko nje baridi kama mtungi. Yaani joto linabaki ndani, halisafiri. Fundi Issa akasema radieta imeziba kutu, akaibeba mpaka Masasi, akaiosha, akairudisha, akasema maji yanapita humo kama mto. Tukaifunga, ikajizima tena. Akasema basi ni pampu. Zuhura akaitumbukiza kwenye beseni peke yake, ikarusha maji mpaka ikamlowesha bibi yako, naye akauliza nani ameanza kuoga mbele za watu. Pampu nzima. Fundi akasema basi shaba haikukaa sawa juu ya ubongo. Wakaifungua, wakafuta ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, wakapaka mpya kiasi cha punje ya mchele, wakaibana. Ikajizima. Kila kimoja kikiwa peke yake kizima, ukiviunganisha vinakufa. Nilitoka nje nikalia kidogo, kwa hilo neno tu.

Zuhura alijaribu kitu kimoja ambacho sikukielewa. Alipanda kigoda akalegeza kiungo cha juu kabisa cha radieta. Kikafanya sss, kisha kikatema maji ukutani. Mimi nikamkimbilia. Nikamwambia afunge haraka, anamwaga maji, na maji yenyewe ya kuagiza. Akafunga. Alikuwa amelishika tatizo mkononi, mimi nikamnyang'anya.

Siku ya kuamkia arobaini, Mama Agnesi yuko uani anachambua mchele, mimi nimesimama chini ya upenu nimeweka mkono kwenye radieta yako. Baridi tu. Lakini ndani nikasikia sauti, ko-ko-ko, kama mtu anataka kusema na amekabwa. Nikaijua. Hiyo sauti nimeisikia tangu nikiwa msichana kule Kitangari.

Wewe umekulia hapa Newala mjini, hukupanga foleni zile. Bomba likikaa siku nyingi bila maji, siku yanaporudi hayatoki. Bomba linakohoa. Kumejaa upepo, na upepo unakaa pale mpira unapopanda juu kabisa. Mzee wa bomba alikuwa anakwenda kufungua koki ya juu, inatema, inapuliza, inamwaga, sisi wanawake tunakimbilia na ndoo kuyakinga yasipotee. Na asipokubali yamwagike, hatupati maji, tunasimama pale mpaka jioni.

Nikaingia ndani nikatazama kidumu. Kiko chini ya meza, maji nusu, na radieta iko juu yake, upepo wote umepanda humo.

Nani alikiweka chini? Mimi. Nilisema kikivuja kivujie sakafuni, kisivujie mashine. Na nani alikijaza nusu? Mimi, Rashidi. Sisi watu wa huku juu ndivyo tulivyolelewa, ndoo ya kupanda nayo mlima haijazwi mpaka ukingoni, na maji hayamalizwi kabla mengine hayajafika. Ile chupa ya pili ya maji ya betri nilikuwa nimeiweka juu ya rafu, nimeifunika kwa kitambaa, haijafunguliwa. Mashine inakufa kwa kiu, na maji nimeyaficha mimi.

Nikamwita Zuhura. Nikamwambia ateremshe radieta aiweke chini, na kidumu akipandishe juu ya kabati, kiwe juu kuliko kila kitu. Akaniuliza na kikiangukia mashine je? Nikamwambia mashine tumeisogeza, imezimwa, usiogope, ni maji tu. Akaniangalia. Maneno yale aliyajua ni ya nani. Kisha nikamwambia alete chupa.

"Ile ya akiba?"

Niliitazama ile rafu. Halafu nikasema, "Mwaga, mwanangu. Jaza mpaka yamwagike."

Akamimina. Akawasha pampu. Akalegeza kile kiungo cha juu, kikatema, nami sikukimbia kukifunga. Nikaacha maji yatiririke miguuni pangu. Lakini upepo mwingine ulikuwa bado umejificha ndani ya radieta, unausikia. Sasa sikufikiri, mikono ilijua yenyewe. Niliinyanyua ile radieta na mipira yake, nikaiegemeza begani, nikaanza kuipigapiga mgongo pole pole, nainamisha huku, nainamisha kule, kama mtoto aliyemaliza kunyonya. Ndivyo nilivyokufanya wewe. Ulikuwa mzito wa kubeua, ulinichosha bega.

Ikabeua. Povu kubwa likapita kwenye mpira tukiliona, likapanda, likatokea kwenye kidumu. Kisha jingine. Kisha madogo madogo kama shanga. Zuhura anajazia, mimi napigapiga, Mama Agnesi amesimama mlangoni na ungo wake, anasema hajaona mjukuu wa chuma maishani mwake. Halafu ikanyamaza. Maji yakawa yanapita kimya.

Tukakausha, tukaning'iniza radieta nje, safari hii chini ya usawa wa kidumu. Zuhura akaiwasha. Nikatoka nikaweka mkono. Mwanzo baridi. Kisha uvuguvugu. Kisha joto la kweli, linatoka nje, linakwenda zake na upepo.

Mwanangu, nilisimama pale muda mrefu. Siku zile nne za homa yako nilikuwa nalowesha kitambaa nakukanda paji la uso, nalowesha tena, joto halitoki. Kisima kilibaki tope. Watu waliniambia nibakize ya wageni, sikubakiza. Maji ya mashine niliyabania, ya kwako sikuyabania hata tone, na Mungu ni shahidi. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu. Joto lako halikutoka, lakini si kwa sababu ya mkono wangu.

Basi, arobaini. Khitma ikasomwa, watu wakala, wakaondoka. Mjomba wako akasema twende kwenye hicho kibanda. Akakaa kwenye kiti chako, akamwambia Zuhura aandike chochote, yeye atakaa mpaka izime. Zuhura alikuwa na mitihani ya shule aliyopewa kuchapa, akaanza nayo. Kaka akanywa chai. Chai ikaisha. Akasimulia habari za bei ya korosho, nazo zikaisha. Akatoka nje kugusa radieta, akamkuta paka wako amejikunja juu ya boriti karibu nayo. Unajua paka huyo alikuwa halali popote ila juu ya skrini yako, sasa amehamia huko kwenye joto. Kaka akarudi, akajifunika kofia usoni akasinzia. Adhana ya alasiri ndiyo iliyomwamsha, na mashine inaandika.

Akavaa kofia yake vizuri. "Haya, Mama Rashidi," akasema. "Wake wenza wamepatana. Mashine ni ya Zuhura."

Tangu uondoke watu wameanza kuniita Mama Zuhura. Wanadhani wananipunguzia. Kaka aliniita kwa jina lako mbele ya wateja waliokuja kufuata mitihani yao, na ndipo nilipojua amekubali kwa moyo, si kwa kushindwa.

Nakuahidi haya. Kila msimu wa salfa nitakipanda kile kigoda mwenyewe nitazame kidumu, na kikipungua kitajazwa mpaka ukingoni. Chupa haitafunikwa kitambaa tena. Na Zuhura akilegeza kitu asichonieleza, nitauliza kwanza kabla sijamkimbilia. Hili la mwisho litanishinda mara moja mbili, lakini nitajitahidi.

Sasa lala, baba. Kazi yako umeimaliza, sisi tumetia maji tu. Bibi yako anasema nikuulize mawili: haya maji yabadilishwe baada ya muda gani, maana daftari halisemi, na huko uliko, je, umepoa? Nijie ndotoni unijibu, uje upesi, usingoje mvua. Mlango wangu unaujua.

Ni mimi mama yako,
Mama Rashidi