Sifuri ya Shiru

Jamhuri Estate,
Nairobi.
Julai, 2004.

Mpendwa dada yangu Debra,

Kwa masikitiko makubwa na heshima zote, natangaza kwamba mfalme wa drafti wa Riruta na vitongoji vyake, Mzee Lazarus Kuria, baba mkwe wangu, aliyetawala ubao tangu nimwoe binti yake, aliangushwa Jumapili iliyopita baada ya kanisa, sebuleni kwangu, mbele ya sufuria ya githeri. Bendera inapepea nusu mlingoti. Ni kitambaa cha meza cha mke wangu Wahu kwenye kamba ya nguo, lakini kinapepea.

Baada ya tangazo hilo la kitaifa, u hali gani, dada? Joto la Lodwar bado linakukaanga? Sisi huku ni baridi ya Julai, ile ya kunywa chai ukiwa umekumbatia kikombe. Wahu hajambo, anakusalimu sana. Mimi sijambo pia, ila tumbo linaendelea kukua bila idhini yangu.

Sasa, kabla hujasoma mstari mwingine, nisikilize. Kama ile barua yako ya kuacha kazi bado iko mkobani, iache hapo hapo. Kama umeshampelekea Sista mkuu wa hospitali, mfuate uichukue, umwambie kaka yako ni mjinga. Akitaka uthibitisho nitamwandikia mwenyewe. Binti yako Shiru hana ugonjwa wowote wa kichwa. Isome tena sentensi hiyo mara utakazopenda, kisha nikueleze.

Unakumbuka alivyoanguka kutoka ukutani pale shuleni, daktari akasema mguu utakaa kwenye plasta muhula mzima. Ulipomwacha kwangu uliniachia agizo moja: asirudi nyuma masomoni. Nami nikalifuata kama Mkenya yeyote angelifuata. Kila jioni nikitoka kazini Kirinyaga Road, kwenye ile stoo yetu ya vipuri, nilipitia kwa wauza vitabu wa kando ya barabara pale Tom Mboya, nikanunua karatasi za mitihani ya darasa la sita. Shiru alimaliza moja kabla chai haijapoa, akapata zote. Nikafurahi, nikaleta mbili. Akamaliza mbili, nikaleta nne. Wahu aliniuliza kama nimeletewa mtoto au mashine ya kusaga, nikamjibu kwa sauti ya profesa kwamba mtoto mwerevu lazima alishwe.

Kumbe nilikuwa namlisha chakula kilekile. Katika karatasi moja Mama Atieno ananunua nyanya, katika nyingine Mama Mwende ananunua maembe, katika ya tatu Mama Chebet ananunua viazi, na wote wanatoa noti ya mia na kungoja chenji. Siku moja Shiru aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama hawa akina mama hawawezi kwenda sokoni siku moja wakamalizana. Nilicheka sana. Kisha nikampa karatasi nyingine.

Ndipo alama zikaanza kushuka. Akapata nusu, akapata robo, halafu sifuri. Sifuri ya hesabu, sifuri ya sayansi, hata sifuri ya Kiswahili, na wewe unajua mtoto huyo anavyokisema kunishinda mimi. Akawa anatazama dirishani, ukimwita anaitika kama mtu aliye nyumba ya pili. Hapo ndipo nilipokuandikia ile barua iliyokunyima usingizi. Tulimpeleka kwa daktari wa macho mjini, akasema macho ya mtoto ni mazuri, ila anko wake ndiye anayehitaji miwani. Wahu alishuku dawa za maumivu. Mchungaji alikuja na wazee wawili wa kanisa, wakaomba kwa nguvu, wakanywa chai, wakamaliza mkate. Mwalimu Annah, jirani yetu aliyestaafu, aliniuliza mtoto anajifunza nini siku hizi. Nikamwonyesha rundo langu la karatasi kwa fahari. Akasema ameuliza mtoto anajifunza nini, hakuuliza anafanya nini. Nilimhurumia, nikaona uzee umeanza kumwingia.

Sasa nikupe siri ya nyumba hii ambayo hata wewe huijui. Mzee Lazarus huja kila Jumapili kucheza drafti nami, na tangu siku za mahari sijawahi kumshinda. Si kwamba siwezi. Utamshindaje baba wa mke wako, ndani ya nyumba yako, huku binti yake akikupakulia chakula? Basi nilijifundisha kushindwa, na kushindwa vizuri ni ufundi. Unafungua safu ya nyuma mapema kidogo, lakini si mapema mno. Unakuna kichwa. Na la muhimu kuliko yote, unashtukia kosa lako baada ya mzee kula kete yako, yaani kizibo cha soda, kamwe si kabla.

Jumapili ya kabla ya hii iliyopita nilikuwa na mafua, nikajilaza kwenye kochi. Mzee akasema atacheza na huyu mgonjwa mwenzangu wa mguu, akamwonya asilie ovyo, plasta italowa. Shiru akapanga vizibo vyake vya soda, wakaanza. Akafungua safu ya nyuma. Akakuna kichwa. Kisha akaguna, "Aii, jamani!" Dada, aliguna kabla babu yake, guka anavyomwita, hajaliona pengo. Mzee alikuwa bado anatafuta miwani mfukoni. Mafua yangu yalipona papo hapo. Kwa ufundi ule ningemtambua mtu hata gizani, maana ni ufundi wangu. Alikosea pale tu ambapo mwanagenzi hukosea.

Mzee alipoondoka nilizitoa zile karatasi za sifuri. Majibu manne kila swali, achague moja. Mtu asiyejua kitu akichagua huku amefumba macho, mengine atayapata tu kwa bahati. Mwanao hakupata hata moja. Ili ukose yote, dada, ni lazima kwanza uyajue yote. Na mimi mwanamume mzima nilikuwa nimelipia teksi kumpeleka kwa daktari.

Nilikaa naye, sikumkaripia. Nilimwambia tu kwamba aliguna mapema. Akanitazama, akatazama karatasi mkononi mwangu, akaanza kucheka, halafu akaanza kulia, na nusura mimi pia. Akaniambia kwamba kila alipopata zote niliongeza karatasi, kwa hiyo akafikiri labda akikosa nitapunguza. Nikampunguzia kweli, ila nikamletea madaktari na wachungaji. Alitaka kuniambia ukweli. Kisha akamsikia Wahu akisema jikoni kwamba mama yake huenda akarudi kwa sababu ya hizo sifuri, naye akanyamaza. Alisema alikaa na jambo hilo siku kadhaa, anataka na hataki. Nimeliandika alivyolisema, kwa sababu ni lako. Aliniomba nikwambie hataki urudi kwa sababu anadhaniwa mjinga. Anataka urudi Desemba kwa likizo, kwa sababu ana hamu ya kukuona tu.

Nilimwendea Mwalimu Annah nikiwa nimenyenyekea kama mwizi wa kuku. Hakunicheka sana. Alisema mtoto wa aina hii ukimrundikia kazi nyingi ya aina moja unamzima, mpe kazi chache zinazomtoa jasho, na umwachie nafasi ya kukosea bila watu kukimbilia hospitalini. Basi karatasi zote zimekwenda kuwashia jiko. Siku hizi mtihani anatunga Shiru, na anayeufanya ni mimi. Kutunga swali ambalo jibu lake la uongo linafanana na la kweli ni kazi ngumu, inamkalisha mchana kutwa akiuma kalamu. Vilevile anataka kujua kwa nini kivuli cha nguzo ya stima hapo nje hakifiki mahali pamoja saa sita kila siku. Nilimwambia sijui. Ni neno ambalo ningelisema mapema, maana uso ulimng'aa akaenda kutafuta mwenyewe, kwa magongo, na chaki ya ushonaji ya Wahu. Anakosea, anafuta, anakasirika, anarudia. Chakula anamaliza. Kelele zimerudi, na jana Wahu alimfukuza jikoni, jambo ambalo kwetu ni sherehe.

Tuliwekeana agano kwamba katika nyumba hii hakuna tena mtu kushindwa makusudi. Akaniuliza, "Hata wewe, anko, na guka?" Nikajaribu kumweleza mambo ya wakwe na heshima. Akanitazama tu. Una binti mwenye macho mabaya sana ya kutazama mtu.

Sasa nikwambie ukweli wa Jumapili, maana huko Riruta imeshaenea kwamba Kihara amemwangusha mkwe wake, na nilijikuta sikanushi haraka. Nilikaa mbele ya mzee nikacheza kwa nguvu zangu zote kwa mara ya kwanza maishani. Alinimaliza kabla githeri haijapakuliwa. Hakuniachia hata kingi mmoja. Akiwa anakusanya vizibo vyangu akasema kwamba leo anaona nimeamua kucheza, na kwamba miaka yote hii amekuwa akijizuia, anarefusha mchezo kwa kila njia, ili nisiaibike mbele ya mke wangu. Wahu alilazimika kutoka nje kwenda kuchekea kwenye kamba ya nguo. Miaka yote, Debra, mimi nikihangaika kushindwa na yeye akihangaika asinishinde haraka.

Kisha Shiru akavuta kiti. Walicheza hadi chakula kikapoa, na hakuna aliyeguna. Alipompokonya mzee kingi wake wa mwisho, nilianza kuomba kimoyomoyo. Mzee akavua miwani, akaifuta, akauliza ni nani amekuwa akimfundisha mtoto huyu. Shiru akamjibu kwamba anko alimfundisha kushindwa, haya mengine amejitafutia. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema kasichana haka kamekuwa kakifichwa na watu wabaya, akadai wapange vizibo upya, na kwamba kuanzia sasa atakuja Jumatano pia.

Basi fanya kazi yako kwa amani, uwasalimu Sista na wagonjwa wako. Wahu anauliza kama huko mnapata majani ya chai mazuri. Shiru anasema Desemba uje na fumbo ambalo hatalifumbua kabla ya Krismasi, nami nakusihi ulete na jibu lake, uniletee mimi kwa siri.

Ni mimi kaka yako akupendaye,

Kihara
mwanafunzi wa Shiru, wa mwisho darasani