Kimya cha Mwenye Glavu

Jumatatu, 3 Machi
Bwana Usafi — ndivyo tunavyomwita bosi, maana hawezi kuona kitu asikifagie — leo kafagia kisichofagiwa. Kaamuru seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, ikate kila muunganisho ulionyamaza. Na ile “nipo” ndogo ambayo kivinjari cha mtu huituma kila mara, ili seva ijue hajaondoka — kaifuta! Eti uchafu. Nikamkumbusha kuwa wakunga wa zahanati za mbali huandikiana na daktari kupitia ukurasa wetu. Akasema asiyeandika hana shida. Nyoo!

Jumanne, 4 Machi
Kajaribu mwenyewe mezani kwake, anadonoa vitufe kama kuku kaona mtama. Muunganisho haukukatika. Akasema, si mnaona? Wenzangu wakaitikia. Wanafiki wakubwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelia chooni kwa hasira. Dada yangu ni mkunga. Kapiga simu asubuhi. Jana mzazi alikuwa anatoka damu nyingi. Dada na glavu zake, mikono yote miwili kazini, macho kwenye skrini anasubiri maelekezo. Aandike kwa pua? Seva ikaona kimya, ikakata. Huku daktari anaandika, kule hakifiki kitu. Mama wa watu kapona, Mungu mkubwa.
“Mdogo wangu,” dada akaniambia, “nilidhani daktari kanikimbia.”
Nikampelekea Bwana Usafi habari hiyo. Tutaijadili kwenye kikao cha Jumatatu, akasema. Kikao! Uchungu wa kuzaa unasubiri kikao?

Ijumaa, 7 Machi
Nimeirudisha “nipo.” Sijaomba ruhusa ya mtu. Liwalo na liwe.

Mchana
Dada ana mzazi mwingine, mtoto katanguliza miguu. Kaniambia kwa simu, akakata. Kwenye skrini yangu naona muunganisho wa zahanati yake tu, kwamba upo wazi na hakuna kinachoandikwa. Yaani keshavaa glavu.
Bwana Usafi kagundua nimeirudisha “nipo.” Naandika haya kasimama nyuma ya kiti changu. Asome tu! Kasema niifute sasa hivi au nikabidhi kitambulisho. Nimekivua shingoni, nikamnyooshea bila kugeuka.
Hajakipokea. Na yeye anatazama skrini, “nipo” zikiingia moja moja.
Zahanati ya dada: kimya. Nipo. Kimya. Nipo. Kimya —