"Basi" Ambayo Sikuisema

Baba Chebet, fundi wangu,

Nimechoka. Naanza na hiyo kwa sababu ni wewe tu ungeniuliza, halafu unipe chai kabla sijajibu. Tangu tukuzike kule Bahati, miezi minne sasa, nawasha makaa peke yangu, nashika koleo peke yangu, nabishana peke yangu na wateja wa Milimani wanaotaka geti la maua kufikia Ijumaa. Mgongo umekataa. Kiti chako bado sijaweza kukikalia, nakula nimesimama.

Sasa sikia. Mwezi uliopita Mama Chebet alikuja kwa kibanda, akavaa aproni yako, akasema, "Wafula, nifundishe. Hii kazi ndiyo ililisha nyumba yangu." Ningemwambia nini? Nikamfundisha vile ulinifundisha. Ana mkono, fundi! Wallahi ungecheka kwa furaha.

Jumanne tukaanza kukata chuma cha moto. Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Mimi nagonga, wewe umelaza chuma juu ya ile patasi inayosimama kwenye fuawe, lile pande la chuma tunalofulia, makali yake juu. Uliniambia anayegonga hawezi kuona vizuri kumebaki kiasi gani. Anayeshika ndiye anaona. Kikibaki chembamba kama uzi, anayeshika anasema "Basi!", nyundo inasimama, na kipande kinavunjwa polepole kwa koleo. Ukigonga tena kinaruka kikiwa chekundu, na hakichagui mtu.

Jumanne mimi ndiye nilishika. Macho yalikuwa kwa chuma lakini akili ilikuwa imeshalala. Ule uzi niliuona, fundi. Niliuona kabisa. "Basi" haikutoka. Mama Chebet akagonga vizuri, vile nilimwambia, kipande kikaruka, kikagonga miwani yangu, kikateremka shavuni. Miwani ndiyo iliokoa jicho.

Alipiga nduru! "Nimekupofusha, Wafula! Nimekupofusha!" Maskini, alinimwagia ndoo nzima ya maji. Halafu akavua aproni, akaikunja, akaenda zake. Sasa nasikia anasema mkono wake ni mbaya, ataumiza mtu, na anatafuta wa kununua fuawe.

Na mimi nikanyamaza. Hapo ndipo naona haya. Nilinyamaza kwa sababu, haki ya Mungu, nilifurahi kidogo. Nikajiambia afadhali, angalau nitapumzika kufundisha. Siku tatu mjane wako anajilaumu kwa kosa langu, na mimi nalala usingizi mzuri. Ni utu gani huo, jameni? Mtu aliyenipokea nikitoka kwetu sina hata viatu, nikala kwa meko yake.

Leo sijawasha moto. Nimefunga kibanda, nimevaa shati safi, naenda Bahati kwa Mama Chebet. Nitamwambia hakukosea popote, alikuwa anangoja neno langu. Akinifukuza, sawa. Akitaka kuuza fuawe, auze, ni yake, lakini asiuze kwa sababu ya uongo wangu. Na akikubali kurudi, nakuahidi, siku nimechoka nitamwambia nimechoka, tufunge, chuma kingoje kesho.

Kwaheri, fundi wangu. Pumzika wewe, mimi bado. Barua hii siiachi kaburini. Nitamsomea Mama Chebet yote, hata pale niliposema nilifurahi.

Wako,
Wafula